Kufungua Kioo cha Taa ya Nyuma ya Gari kwa Joto la Kiasi

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukipamba moto, gari nyingi za mashamba hufanya kazi mpaka usiku. Pikapu hutoka makondeni na magunia, na njia ni hiyo hiyo wapitayo wapanda baiskeli, gari za ng'ombe na watoto watokao chuoni. Gari iliyosimama kizani penye kona, na taa zake za nyuma haziwaki, ni jiwe tu njiani. Anayekuja nyuma hulijua akishaligonga.

Taa nyingi haziharibiki kwa ajali bali kwa maji. Baadhi ya wanachama wameuliza kama yawezekana kukifungua kioo cha taa nyumbani kwa joto, taa ikasafishwa, kisha kikarudishwa. Jawabu ni kuwa kwa baadhi ya taa yawezekana na kwa nyengine haiwezekani. Yafaa kujua ipi ni ipi kabla ya kuteleka sufuria.

KAZI YA KIOO CHEKUNDU

Kioo cha taa ya nyuma, japo twakiita kioo, ni plastiki, na mara nyingi ni ile iitwayo akriliki. Globu iliyo ndani hutoa mwanga mweupe. Kioo huzuia rangi nyengine na kuupitisha wekundu. Gari nyingi hutumia globu moja yenye nyuzi mbili: uzi wa wati 5 huwaka wakati wote taa zinapowashwa, na uzi wa wati 21 huwaka dereva akanyagapo breki. Kioo kikipasuka, mwanga mweupe hutoka nje, na aliye nyuma asijue kama gari yaenda au yaja.

Tena, kwenye kioo hicho huwa pana sehemu yenye vijichembe kama sega la nyuki. Sehemu hiyo huurudisha mwanga wa taa za gari inayokuja nyuma, hata kama gari yetu imezimwa. Kwa hivyo isipakwe rangi wala gundi.

MAJI HUINGIAJE?

Taa ikiwaka hupata moto, na hewa ya ndani hutanuka ikatoka. Mvua ikiipiga, taa hupoa ghafula na hewa huvutwa kurudi ndani. Kama pana ufa au gundi imekauka, maji huvutwa pamoja nayo. Hapo shaba za mishikio ya globu huota kutu ya kijani, na kwetu sisi tulio karibu na bahari chumvi huzidisha madhara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ITAZAME TAA KWANZA

Itoe taa garini. Zima umeme, fungua nati zilizo upande wa ndani, chomoa plagi ya waya, kisha toa globu zote na mishikio yake. Sasa angalia pale kioo kinapokutana na kasha lake. Utakuta moja ya mambo matatu.

La kwanza, skrubu na mpira mwembamba. Taa hii haihitaji joto. Fungua skrubu na kioo kitatoka.

La pili, mfereji uliojazwa gundi nyeusi au ya kijivu, ambayo ukiibonyeza kwa ukucha huacha alama. Hiyo ni gundi ya jamii ya mpira iitwayo butili. Imetiwa pale kama fundi wa mashua atiavyo kalafati baina ya mbao. Tabia yake ni kama ya ulimbo wa fenesi: ikipoa hushika, ikipata joto hulegea. Taa ya namna hii ndiyo ifunguliwayo kwa joto.

La tatu, mstari mwembamba usio na gundi, plastiki mbili zimekuwa kitu kimoja. Hizo zimeyeyushwa zikaunganishwa kiwandani, na taa nyingi za nyuma ni za namna hii. Joto haliwezi kuzitenganisha bila ya kuziharibu. Mwenye taa hiyo aiache, atafute nyengine, hata kuukuu, iliyo nzima.

KIASI CHA JOTO

Hapa ndipo wengi huharibu. Akriliki hulainika kwenye digrii kama 105 za sentigredi, na ikisukumwa huanza kupinda kabla ya kufika hapo. Gundi ya butili hulegea chini ya kiwango hicho. Tunalolitaka basi ni joto la kulegeza gundi lisilofika kuharibu kioo, na digrii 80 hivi zatosha.

Asiye na kipimo cha joto afanye hesabu hii: vipimo vitatu vya maji yanayochemka na kipimo kimoja cha maji ya kawaida ya kwetu. Ukivichanganya utapata maji ya digrii kama 80. Maji yana wema huu, kwamba joto lake ni sawa kila upande wa taa.

Usiweke taa juu ya makaa, wala usiielekeze kwenye ndimi za moto. Akriliki hushika moto na kudondoka matone yaunguzayo. Mwenye oveni yenye kipimo cha kuaminika aweza kuitumia kwa digrii 80 kwa dakika 10, taa ikiwa juu ya ubao, isigusane na chuma. Lakini oveni nyingi za nyumbani huwa na moto mkali upande mmoja, na kwa hivyo maji ni salama zaidi. Taa za LED zisizo na globu zina mitambo ya umeme ndani yake. Hizo zisitiwe majini kabisa.

NAMNA YA KUFUNGUA

Tandika kitambaa chini ya karai pana, utie maji uliyoyachanganya, kisha izamishe taa hata maungio yote yafunikwe. Iache dakika 5 hadi 10. Watoto wawe mbali, nawe vaa glavu nene au shika kwa matambara, kwani maji ya digrii 80 hubabua ngozi mara moja.

Itoe, uanzie pembe moja. Tumia kabari nyembamba ya mti, au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Fungua mwanya mdogo tu, uweke kabari, kisha songa mbele kidogo. Gundi itavutika kama uzi. Ikate kwa kisu. Ukiona kioo kinakaza, usilazimishe. Rudisha taa majini, ukichanganya mengine yakipoa, uanze tena. Kurudia mara tatu au nne si ajabu, na kioo kilichovunjwa kwa nguvu hakina dawa.

KUSAFISHA

Tumia maji safi, sabuni na kitambaa laini. Usitumie petroli wala thina, kwani huifanya akriliki kuota nyufa ndogo ndogo. Na sisi wakulima tuangalie jambo jengine: mafuta ya karafuu na ya makonyo hula baadhi ya plastiki, basi mikono yenye mafuta hayo ioshwe kwanza. Ule utando wa fedha ulio ndani ya kasha ni mwembamba mno. Usuuze kwa maji tu, wala usiusugue. Kisha anika vipande vyote kivulini mpaka vikauke kabisa.

KURUDISHA

Gundi ya zamani ikiwa safi na ingali laini yafaa kutumika tena. Ikiwa imekauka, itoe yote, ukaweke utepe mpya wa butili kuzunguka mfereji. Wengine hutumia silikoni. Hiyo hushika sana, lakini taa haitafunguka tena kwa joto. Na ile inayonuka siki hutoa mvuke wenye kuleta kutu.

Pasha joto maungio kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa vyema, kisha sukuma kioo kikae sawasawa mahali pake. Kifunge kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ukiache usiku kucha. Kitundu kidogo cha hewa kilichowekwa na kiwanda kisizibwe, kwa sababu ndicho kipitishacho hewa na unyevu.

Kabla ya kuirudisha taa garini, ziba kwa muda tundu za globu na hicho kitundu cha hewa, umwagie maungio maji kwa kopo kwa dakika chache. Ukiona tone ndani, kazi irudiwe. Ikiwa kavu, zibua ulivyoziba.

JAMBO LA MWISHO

Taa ikisharudi garini, mwambie mtu akanyage breki usiku, nawe usimame nyuma hatua 30. Angalia kama wekundu waonekana wazi pande zote mbili, na kama mwanga wa breki wazidi ule wa kawaida kwa dhahiri. Kama sivyo, gari isipakie gunia hata moja baada ya magharibi mpaka itengenezwe.

Kioo kilichopasuka hakiponi kwa kufunguliwa. Utepe mwekundu upitishao mwanga utasaidia siku mbili tatu, mpaka kipatikane kioo kingine. Usiwe ndio matengenezo yenyewe. Karafuu zikichelewa siku moja zitauzwa kesho. Mtoto aliyegongwa kizani harudi.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama