Kutembea kwa Kufuata Sanamu: Funzo la Afya kutoka Mashambani mwa Uingereza

"Fanya mazoezi" ni ushauri unaotolewa kila siku katika kliniki, na husahaulika kabla mgonjwa hajafika langoni. Mwenye shinikizo la damu hutoka na cheti cha dawa mkononi. Vidonge atavimeza, mazoezi yatasubiri kesho. Si kwamba hataki kupona. Mara nyingi hakuna aliyemwambia atembee kwenda wapi, wala huko aendako kuna nini cha kuuburudisha moyo.

Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, swali hilo limepata jibu moja zuri. Karibu na mji wa Wakefield ipo Yorkshire Sculpture Park, bustani ya sanamu iliyofunguliwa mwaka 1977 katika viwanja vya jumba la kale la Bretton Hall, eneo la takriban ekari 500. Sanamu hazikufungiwa ndani ya kuta. Zimesimama majanini, ukingoni mwa ziwa na kando ya misitu, na kondoo hulisha karibu nazo. Miongoni mwazo zimo kazi za Henry Moore, mtoto wa mchimba makaa ya mawe aliyezaliwa Castleford mwaka 1898, na Barbara Hepworth aliyezaliwa Wakefield mwaka 1903. Miji yote miwili haiko mbali na bustani hiyo.

Juu ya mteremko mmoja yamesimama maumbo tisa ya shaba nyeusi ya Hepworth, yaitwayo The Family of Man, ya mwaka 1970. Hayaonekani vyema kwa mtu aliyeketi. Hana budi kupanda, kuzunguka, kurudi nyuma na kuchungulia katika matundu yake, kwa maana kila hatua huleta sura nyingine. Aliyekuja kutazama sanamu hujikuta ametembea saa nzima bila kuhesabu dakika.

Hepworth mwenyewe aliijua hospitali. Mwaka 1944 binti yake aliugua uambukizo wa mfupa, na katika kumuuguza mama huyo akafahamiana na daktari wa upasuaji, Norman Capener, aliyemkaribisha baadaye kutazama kazi yake. Kati ya mwaka 1947 na 1949 alichora picha nyingi za madaktari na wauguzi katika chumba cha upasuaji: macho juu ya barakoa, mikono iliyokutana juu ya mgonjwa. Aliona kwamba kazi ya mpasuaji na ya mchongaji zina undugu.

Hatua na moyo

Faida ya kutembea si jambo la kukisia. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kitini. Leo Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano, humtosha mtu kukifikia kiwango cha chini.

Lakini ushauri hautembei pasipo njia. Mwezi Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout uliokuwa umezuiliwa na wenye ardhi. Watano kati yao wakafungwa. Ilipofika mwaka 2000 ndipo sheria ilipowapa wananchi wa Uingereza na Wales haki ya kutembea katika milima na nyika nyingi zisizolimwa. Njia salama ya miguu ni sehemu ya tiba, na anayeipigania huitumikia afya ya jamii.

Mezani baada ya matembezi

Desturi ya matembezi hayo ni kuishia kwenye baa ya kijijini kwa chakula cha mchana, na siku hizi ni nadra kukosa mlo usio na nyama. Huandaliwa supu ya dengu, kiazi kilichookwa na maharage, pai ya uyoga, au mkate wa karanga na mbegu uliookwa. Nchi hii ina historia ndefu ya mlo huo: chama cha wasiokula nyama kiliundwa huko Ramsgate mwaka 1847.

Hata hivyo, mlo kukosa nyama hakuufanyi uwe wa afya. Pai iliyojaa jibini na siagi, chipsi na chumvi tele huweza kuurudisha mzigo ambao miguu imeupunguza. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na mboga na matunda yafikie angalau gramu 400. Kuhusu bia, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara. Maji yanatosha kukata kiu.

Asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama anahitaji nyongeza ya vitamini B12. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin kwa muda mrefu naye huweza kupungukiwa na vitamini hiyo, kwa hiyo ganzi ya miguu isihesabiwe kuwa ni kisukari tu. Madini ya chuma ya maharage na mchicha hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa na chungwa au limau, na chai inywewe baadaye, si pamoja na mlo.

Anayetumia insulini abebe kitu cha sukari, avae viatu vinavyomtosha, na akirudi akague nyayo zake. Maumivu ya kifua yakimshika njiani asimame na atafute msaada mara moja.

Cheti kilichokamilika

Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ina wahudumu ambao kazi yao ni kumuunganisha mgonjwa na vikundi vya matembezi, bustani au sanaa. Hekima hiyo haihitaji bajeti kubwa. Mhudumu wa afya aweza kumuuliza mgonjwa: ni mahali gani apendapo kupaona, atakwenda na nani, siku gani, na akirudi atakula nini? Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi yake, na ahudhurio lijalo yaulizwe tena, kama inavyoulizwa dawa.