Tuchome Nyimbo Zetu kwa Programu Huria

Kila mwaka kidato cha nne wanapofunganya virago, kwaya ya shule hufa ikazaliwa upya. Nyimbo zilizotutoa jasho tangu Januari hubaki ndani ya simu ya mtu mmoja, na simu tunazijua: leo iko, kesho imetumbukia kwenye karai la maji au imechopolewa kwenye matatu. Kwa sababu hiyo nimeonelea tuzungumze juu ya kuchoma nyimbo katika diski, tena kwa kompyuta inayotumia Linux na programu zisizomgharimu mtu hata ndururu.

Najua wapo watakaocheka. Ati diski, zama hizi za flashi? Cheka upendavyo, lakini redio nyingi za majumbani na makanisani zingali zinameza diski. Isitoshe, diski aina ya CD-R ikishachomwa na kufungwa, hakuna mtu atakayefuta nyimbo zetu apate nafasi ya kuwekea filamu.

Kwanza nieleze neno "huria." Mwaka wa 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzibadilisha na kuwagawia wenzake. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Viwili hivyo vikaoana. Kwa hivyo shule ikiweka Linux katika kompyuta thelathini haimwibii mtu, na kompyuta kuukuu iliyoshindwa na mifumo mipya ya kulipiwa mara nyingi hupata uhai tena. Mojawapo ya Linux zinazojulikana sana, Ubuntu, ilitoka mwaka wa 2004, na jina lake ni la Kibantu cha kusini mwa Afrika. Sisi tunasema utu.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe, maana kuchoma si msemo tu. Ndani ya CD-R mna utando mwembamba wa rangi. Mwanga wa leza huunguza rangi hiyo vijisehemu vijisehemu, kwa mstari mmoja unaozunguka kama konokono kutoka katikati kwenda ukingoni. Redio nayo hupitisha leza hafifu juu ya mstari huo na kusoma palipoungua na pasipoungua.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, nami nitakaa hapa kidogo. Utamsikia mtu akilalamika, "Nimechoma nyimbo mia, kompyuta inazicheza, redio ya mama inazikataa!" Redio haina kosa. Diski ni za namna mbili. Kuna diski ya data, ambayo ni kabati tu la kuwekea faili za aina yoyote. Halafu kuna diski ya muziki, iliyofuata kanuni za Philips na Sony tangu diski zilipoingia madukani mwaka wa 1982. Katika hii ya pili sauti haikai kama faili. Hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa sikio la kushoto na la kulia, na vipimo hivyo huandikwa vyote bila kubanwa.

MP3 ni kama maziwa ya unga. Yamekaushwa yaenee katika pakiti ndogo, na redio ya zamani haili unga, inataka maziwa. Dakika moja ya sauti isiyobanwa huchukua megabaiti kumi hivi, ilhali MP3 ya kawaida huweza kutosheka na moja tu. Ndiyo sababu diski ya megabaiti 700 hubeba saa kumi na zaidi za MP3, lakini ikichomwa kama diski ya muziki hubeba dakika 80 basi. Na kama vile maziwa ya unga hayarudi kuwa yale ya ng'ombe hata ukoroge vipi, MP3 ikifunguliwa haikurudishii sauti iliyotupwa ilipobanwa. Kwa hiyo kwaya ikirekodiwa, irekodiwe kwa WAV au FLAC tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Fungua K3b, au Brasero ukipenda. (Brasero ni neno la Kihispania, maana yake jiko la makaa. Aliyelichagua alijua kuchoma!) Anzisha mradi mpya wa diski ya muziki, si wa data. Buruta nyimbo uziweke kwa mpangilio unaoutaka, tazama jumla ya dakika isipite uwezo wa diski, kisha bofya pa kuchomea. Programu itaufungua ule unga yenyewe. Usichague mwendo wa kasi kupita zote. Kwa mwendo wa mara nane diski ya dakika 80 huchukua kama dakika kumi, na hizo si nyingi. Nunua CD-R, si CD-RW, kwani hizi za kufutika huakisi mwanga kidogo na redio nyingi za zamani hazizioni.

Wale wapendao kuandika amri wanaweza kupita njia ya mkato, mradi faili zao ziwe za WAV zenye vipimo nilivyotaja:

wodim -v dev=/dev/sr0 speed=8 -dao -pad -audio *.wav

Hiyo "-dao" inaagiza diski ichomwe yote kwa mkupuo mmoja na kufungwa. Diski isiyofungwa, redio haiitambui.

Hii wodim ina kisa. Mwaka wa 1996 Mjerumani Jörg Schilling alitoa cdrecord, na kwa miaka mingi programu zenye madirisha mazuri zilikuwa wahudumu wa mezani tu. Mpishi jikoni alikuwa cdrecord. Mwaka wa 2006 Schilling alibadilisha leseni ya sehemu ya kazi yake. Watu wa Debian wakaona leseni hizo mbili haziwezi kukaa chungu kimoja. Wakachukua toleo la awali, ambalo leseni yake iliwaruhusu, wakaliendeleza kwa jina jingine. Schilling hakukubaliana nao hadi alipofariki mwaka wa 2021. Mimi naona kila upande ulikuwa na hoja, lakini bila uhuria watumiaji wangebaki wakitazama tu wakubwa wakigombana.

Jambo moja watu hulichanganya makusudi. Programu kuwa huria hakufanyi wimbo kuwa huria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwaya ikiimba wimbo wa mtunzi aliye hai, ni yeye wa kuombwa ruhusa kabla ya diski kuuzwa siku ya wazazi, hata kama ni kwa bei ya soda.

Diski ikishatoka, andika jina la kwaya na mwaka kwa kalamu laini ya wino, upande wa juu. Usitumie biro: utando wa chuma uko papo hapo chini ya lebo, na mkwaruzo wa huko hauponi. Kisha iweke ndani ya kasha, mbali na dirisha. Jua huifisha ile rangi iliyobeba sauti.