Bei ya Mafuta ya Taa Hupangwa na Nani?

Hadi Oktoba 1994 Serikali ndiyo iliyopanga bei ya mafuta. Kisha ikaacha kila kampuni ijipangie, mpaka Desemba 2010 iliporudisha udhibiti. Siku hizi, kila tarehe 14 mamlaka ya EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya mwezi, na kila mji una yake. Ya Nakuru hupita ya Mombasa kwa sababu ya gharama ya kuyaleta. Mwenye pampu anaweza kuuza chini ya hapo, si juu.

Lakini kwenye kioski tunapimiwa kwa chupa, na hapo akina mama huumia. Tena mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ati yasichanganywe na dizeli! Kikundi kikichanga pesa na kumtuma mmoja petroli stesheni na mtungi, hamtalipa zaidi ya bei iliyotangazwa.