Joto Linavyosafisha Udongo Wenye Sumu: Funzo Kutoka Da Nang

Sumu ya dioksini inapoingia ardhini, haiondoki kwa mvua wala kwa kupita kwa muda mfupi. Hunata kwenye chembe za udongo na hudumu humo kwa miongo mingi. Hali hiyo ilishuhudiwa katika Uwanja wa Ndege wa Da Nang, nchini Vietnam, ambako jeshi la Marekani lilihifadhi dawa ya kuua mimea ijulikanayo kama Agent Orange wakati wa vita. Unyunyiziaji wake ulikoma mwaka 1971, lakini sumu ilibaki katika udongo na tope la mabwawa, ikaingia kwenye samaki na hatimaye kwa watu waliowala.

Kati ya mwaka 2012 na 2018, Serikali za Vietnam na Marekani zilitekeleza mradi wa kusafisha eneo hilo. Udongo na tope vilichimbwa, vikarundikwa ndani ya kuta za zege na kufunikwa. Vyuma vya umeme vilivyosimikwa ndani ya rundo vilipandisha joto hadi nyuzi joto 335 za sentigredi. Katika joto hilo, sehemu kubwa ya dioksini huvunjikavunjika. Inayosalia hugeuka mvuke, ambao hufyonzwa na kuchujwa kabla ya hewa kuachiwa. Takriban meta za ujazo 90,000 zilisafishwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Haiharibu metali kama risasi, huteketeza mboji na viumbe wa udongoni, na hutumia nishati nyingi, hasa udongo unapokuwa na maji mengi. Mradi wa Da Nang uligharimu zaidi ya dola za Marekani milioni 100.

Dioksini haitokani na vita pekee. Huzalishwa pia taka zenye plastiki zinapochomwa ovyo, kwa kuwa moto wa jalalani hauna joto la kutosha wala kichujio cha moshi. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaozitaka nchi kupunguza uzalishaji wa sumu hiyo. Kwa mwananchi, hatua ya kwanza ni kutenganisha plastiki na taka nyingine na kutozichoma karibu na makazi, mashamba au mifugo. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo kuliko ile ya kusafisha ardhi iliyokwisha kuchafuliwa.