Meneja wa Masoko si Mchuuzi: Jina la Kazi na Kazi Yenyewe

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikariri tangu shule ya msingi, yaelekea imeathiri namna waajiri wengi humu nchini wanavyomtazama mtu wanayemwita meneja wa masoko. Wanaoamini kuwa bidhaa yao ni nzuri hawaoni haja ya kumwajiri. Wanaomwajiri, aghalabu, humtaka akaitembeze ile iliyokataa kujiuza. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lenyewe huanzia katika jina la kazi.

Tuanze na istilahi. Nchini Tanzania neno masoko limekwisha kuzoeleka kwa maana ya taaluma, ndiposa tunasikia idara ya masoko na afisa masoko. Humu Kenya tungali tunayumba. Tangazo moja litasema meneja wa mauzo, la pili meneja wa uuzaji, la tatu meneja wa masoko, na yote matatu yakawa yanamtafuta mtu yule yule. Ilhali katika uuzaji bidhaa ipo tayari, bei imekwisha kupangwa, na kilichobaki ni kumshawishi mnunuzi atoe fedha. Kazi ya masoko huanza kabla bidhaa haijakuwapo. Nani anahitaji nini? Ataweza kulipa kiasi gani? Ataipata wapi? Ataisikia kwa nani? Mmarekani E. Jerome McCarthy aliyapanga masuala haya mwaka 1960 katika mambo manne yanayofundishwa hadi leo: bidhaa, bei, mahali na uenezaji wa habari zake. Mwaka uo huo Theodore Levitt alieleza, katika makala iliyopata umaarufu mkubwa, kwamba uuzaji hushughulikia haja ya mwenye bidhaa ilhali masoko hushughulikia haja ya mnunuzi. (Mchuuzi, dalali na mnadi tunao tangu jadi, na wote watatu hukutana na bidhaa ikiwa tayari. Pengine ndiyo sababu huyu wa nne amechelewa kupata jina linalomkaa.)

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Majaribio yake yalipoanza mwaka 2005, huduma hiyo ilinuiwa kuwawezesha wateja wa asasi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Waliosimamia majaribio hayo waligundua jambo ambalo hawakulipanga: watu walikuwa wakiitumia huduma ile kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, suala la mikopo lilikuwa limewekwa kando, na wito uliotangazwa ukawa wa kutuma pesa nyumbani. Haja hiyo haikubuniwa na kampuni yoyote. Wafanyakazi wa mijini walikuwa wakiwapa makondakta na jamaa wanaosafiri bahasha za kupeleka kwao tangu zamani. Kazi ya masoko hapa ilikuwa kutazama wanachofanya watu, kisha kuwa na ujasiri wa kuibadilisha bidhaa ifuate walikoelekea.

Sasa tutazame uajiri wenyewe. Miaka michache kabla ya 2018 niliitwa na kampuni moja ndogo ya uchapishaji ninyooshe Kiswahili cha tangazo lake la kazi. Ilimtaka meneja wa masoko mwenye leseni ya udereva, anayefahamiana na walimu wakuu wengi, na aliye tayari kufanya kazi kwa kupimwa kwa idadi ya nakala atakazouza kila muhula. Nilirekebisha upatanisho wa kisarufi, nikalipwa, nikaenda zangu. Nakiri kwamba jina la kazi halikunishtua, nami ndiye niliyeitwa kwa ajili ya maneno. Kijana aliyeajiriwa alizunguka shuleni wiki tatu, akarudi na ripoti: walimu waliupenda mkusanyiko wa hadithi uliokuwa ukiuzwa, lakini bei iliwashinda wazazi, na hadithi zilikuwa ndefu mno kusomwa katika kipindi kimoja. Alipendekeza ugawanywe katika vijitabu viwili. Akajibiwa kwamba hakuajiriwa kuhariri vitabu. Kabla ya mwezi wa sita aliachishwa kazi kwa kutofikisha idadi, na mkusanyiko ukabaki ghalani jinsi ulivyokuwa. Kampuni ilimpoteza mtu aliyefanya hasa kazi iliyotajwa katika tangazo. Kijana naye aliondoka akijiona ameshindwa.

Tangu 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji badala ya kuziachia shule zichague, ufundi wa kuwazungukia walimu wakuu umepungua thamani kwa vitabu hivyo. Kwa vitabu vya ziada, mchapishaji asiyemjua msomaji wake hana pa kujishikiza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na maelezo ya kazi yawemo. Waajiri wengi huyachukulia maelezo hayo kama desturi tu, ilhali hapo ndipo pa kuamua iwapo mwajiriwa atakuwa na kauli juu ya bei na juu ya bidhaa yenyewe. Kama hana, basi anayehitajika ni muuzaji, kazi yenye heshima yake, naye aitwe hivyo na alipwe hivyo. Katika mahojiano, swali la atauza nakala ngapi halifichui mengi. Afadhali aulizwe ni lini aliwahi kuwashauri waajiri wake waibadilishe au waiache bidhaa fulani, na ni nini walichokisema wanunuzi kilichomfanya atoe ushauri huo. Asiyewahi kufanya hivyo huenda akawa muuzaji hodari sana.

Iwapo ningeitwa tena kulinyoosha tangazo lile, ningeliandika hivi: Anatafutwa mtu atakayewasikiliza walimu, wazazi na wanafunzi, na atakayeshirikishwa katika kuamua yaliyomo na bei kabla kitabu hakijapigwa chapa. Leseni ya udereva si lazima.