Nani Atainunua Dhahabu Yako Meru?

Mkulima wa Imenti au Runyenjes akipokea bonasi ya chai au malipo ya kahawa hakosi washauri: nunua ploti, ongeza akiba kwenye sacco, lipa karo. Akisikia bei ya dhahabu imepanda, huenda akawazia pia sarafu za kale. Wazo hilo si la kipuuzi. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta, na ile ya shilingi 100 ilikuwa na takriban gramu 7 za dhahabu safi. Kwa bei za 2024, dhahabu hiyo pekee ilizidi shilingi 60,000, ilhali noti ya shilingi 100 iliyofichwa chini ya godoro mwaka huo wa 1966 haipokelewi hata dukani.

Lakini anayenunua sarafu ya kale hulipia vitu viwili kwa mkupuo: madini na uadimu. Bei ya madini hutangazwa duniani kila siku. Uadimu hauna bei mpaka ajitokeze anayeutaka, na hapo ndipo mnunuzi wa Meru au Embu hukwama. Chukua rupia 15 za Tabora, katika Tanzania ya leo, zilizopigwa 1916 Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari na vita. Upande mmoja yupo tembo mbele ya mlima. Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja gramu 7.17, robo tatu yake dhahabu. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huilipia mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Sonara wa mjini Meru ataiweka mizanini, aseme ni karati 18, na akulipe kama anavyolipia mkufu uliokatika. Hajakudhulumu, kwake tembo yule hana uzito. Kuufikia mnada wa ng'ambo kunataka uthibitisho wa wataalamu, bima, usafirishaji na ada ya dalali, na ole wako ukiisugua sarafu ing'ae, maana mkusanyaji ataikataa.

Mtu atasema hana haraka, atawaachia wajukuu. Subira husaidia, ila si kila mara. Aliyenunua dhahabu Januari 1980, ilipofikia dola 850 kwa aunsi, alingoja hadi 2008 kuiona tena bei hiyo, na muda wote huo haikumzalia hata senti, wakati majani ya chai ya jirani yake yalikuwa yakichumwa.

Mwingine atajibu kwamba faida ni kununua rahisi hapahapa, kwa mzee aliyerithi au kufukua. Historia haimwungi mkono. Waingereza walifungua boma Embu 1906 na Meru 1908, na kodi ya nyumba ikaja na rupia za fedha na senti zenye tundu katikati, kisha shilingi kuanzia 1921. Dhahabu haikuwa pesa ya sokoni Chuka wala Siakago. Kwa hiyo anayekuletea pauni ya dhahabu ya Uingereza iliyotoka shambani, mpimie: gramu 7.98, upana milimita 22, unene milimita moja na nusu hivi. Shaba iliyopakwa dhahabu ikiwa na upana na unene huo itakuwa nyepesi. Ikifikisha uzito itakuwa nene. Sumaku haitoshi, kwani shaba nayo hainaswi. Tena, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni mambo ya kale kwa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006, na hakitolewi nchini bila kibali.

Kwa maoni yangu, basi, sarafu ya dhahabu ilipiwe bei iliyo karibu sana na ya madini yake, na uadimu waachiwe wanaoupenda wenyewe, bila kutarajia faida. Anayetaka bei ya dhahabu tu hana haja ya kabati la chuma: mfuko wa NewGold, unaofuata bei ya dhahabu, uliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2017, na hununuliwa kupitia dalali wa hisa, kama hisa za Safaricom.