Jinsi Nilivyotengeneza Mvua kwa Kompyuta

Wale waliohudhuria mchezo wetu Siku ya Wazazi watakumbuka kwamba mvua iliponyesha jukwaani watu walicheka. Mzee mmoja alisema kwa sauti kuwa anasikia samaki wakikaangwa. Mvua ile niliitengeneza mimi, na aibu niliyoipata ndiyo iliyonifundisha haya ninayotaka kuwaeleza.

Sintesaiza ni chombo kitoacho sauti kwa umeme, bila nyuzi wala ngozi. Robert Moog wa Marekani alipotengeneza ya kwake mwaka 1964, ilikuwa ni masanduku na waya nyingi. Siku hizi kazi ile ile hufanywa na programu ndani ya kompyuta. Wazo hili si geni, kwani mwaka 1957 Max Mathews, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta kupiga muziki wa sekunde 17. Programu hukokotoa namba, mara nyingi 44,100 kwa kila sekunde, na spika huzigeuza kuwa mitetemo ya hewa.

Yafaa kwanza kuzijua sehemu tatu. Ya kwanza ni osileta, ambayo ndiyo chanzo cha sauti. Ikitetema mara 440 kwa sekunde tunapata sauti ile watu wa muziki waiitayo la. Ikitetema upesi zaidi, sauti huwa nyembamba. Badala ya osileta twaweza kutumia uvumi, yaani mitetemo ya kila namna kwa pamoja, kama redio isiyoshika stesheni. Ya pili ni chujio. Kama chekecheo lizuiavyo chenga na kupitisha unga, chujio huzuia sauti nyembamba na kupitisha zile nene. Ya tatu huitwa envelopu, nayo huongoza namna sauti inavyoanza, inavyodumu na inavyokwisha. Ngoma huanza ghafla na kuzima mara moja. Sauti ya kwaya hupanda polepole na kudumu.

Basi, kosa langu lilikuwa nini? Nalichukua uvumi mtupu, bila chujio, nikaufungulia ghafla ukalia vile vile mpaka mwisho. Mafuta ya moto katika kikaango hulia hivyo hivyo. Yule mzee alisema kweli.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia anionyeshe kitufe cha kubonyeza. Hakunionyesha. Aliniuliza tu, "Umepata kuisikiliza mvua?" Siku chache baadaye mvua ilinyesha usiku, nami nikakaa macho bwenini chini ya bati. Kwanza nalisikia matone moja moja, kila moja kama kingoma kidogo. Kisha yakazidi yakaungana. Upepo ulipovuma, mlio ulipanda na kushuka, wala haukubaki namna moja hata dakika nzima.

Kesho yake nilianza upya. Kwa matone, nilitumia uvumi wenye envelopu fupi sana. Nikayazidisha kidogo kidogo, halafu nikaingiza uvumi wa pili, envelopu yake ikipanda polepole. Chujio nililishusha ili ule ukali wa mafuta utoke. Mwisho nikatumia osileta ya polepole, izungukayo mara moja kwa sekunde nane hivi. Hiyo haisikiki yenyewe, bali hulisogeza chujio juu na chini mfano wa upepo. Radi nayo ilitoka katika uvumi ule ule, chujio likishushwa sana na mwisho wake ukirefushwa.

Tulipoucheza mchezo mara ya pili hakuna aliyecheka. Niliwaona walimu wawili wakitazama madirishani.

Programu hizi huja na mamia ya sauti zilizokwisha kutayarishwa, na si vibaya kuzitumia. Lakini azitumiaye bila kujua zilivyoundwa hawezi kuzirekebisha zikimharibikia, kama ilivyonipata mimi. Anayetaka kujifunza ajaribu Surge XT, ambayo hupatikana bure. Aanze na osileta moja, chujio moja na envelopu moja. Ila kabla ya kuifungua kompyuta, atoke nje kwanza akasikilize.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu